Barua ya Mfereji wa Sekei

Vijana wa mahakamani mmeniomba niwaandikie habari za kazi yangu, na mmeniomba kwa adabu, mkaleta na sukari. Basi naandika. Macho yamechoka, ndiyo maana nimerudisha ufunguo wa kabati la mashauri, lakini mkono bado unafuata mstari. Nikikosea mahali, sahihisheni kimyakimya kama nilivyokuwa nikiwasahihisha ninyi.

Najua mnahangaika na Kiingereza cha mahakama. Nawasikia mkipita nyuma ya nyumba yangu mkikariri mshitaki, mshitakiwa, shahidi, kiapo, kwa lugha ya wakubwa wa sasa. Sisi tuliyakariri hayohayo kwa Kijerumani, na neno moja la kwao lilikuwa refu hata ukifika mwisho umesahau ulianzia wapi. Bendera ilipobadilika nilianza upya nikiwa na mvi za kwanza, nikaona kwamba maneno ni mengine ila maswali hayakuhama. Nani kasema? Kasema nini hasa? Nani mwingine kasikia? Na je, ni kweli? Mtu akija kwenu amesema ametukanwa gazetini, anzeni hapo. Mimi nilijifunza maswali hayo kwa kosa langu mwenyewe, na nitawaeleza lilivyokuwa.

Nilifika Arusha kwa miguu, reli ikiwa bado haijafika hata Moshi. Nilikuwa nimetoka shule ya serikali huko pwani na kanzu mbili, kalamu ya chuma, chupa ya wino na majivuno ya kutosha watu watatu. Hakuna aliyenionya kuwa chini ya Meru kuna baridi. Chupa ya wino ilipasuka mzigoni njiani, nikaingia Bomani na kanzu nyeusi kifuani kote. Karani Mkuu, Mzee Feruzi, mtu mfupi wa Pangani aliyekwisha kukaa bara mpaka akazoea maziwa ya mgando, aliitikia shikamoo yangu kisha akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Marahaba. Wewe ndiye karani, au ndiye karatasi?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Nilimpenda tangu siku ile, ingawa ilinichukua miaka kukubali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Siku za mashauri watu walikaa barazani tangu asubuhi. Bwana Shauri, yule Mjerumani aliyesikiliza kesi, alikijua Kiswahili kama mtu anavyoijua nyumba ya mkwewe, yaani sebuleni tu. Wenye mashauri wengi walisema Kimaa au Kimeru. Kwa hiyo karani alisimama katikati, akayachukua maneno huku na kuyapeleka kule, na mwenzake akaandika kitabuni. Mzee Feruzi alinipa daftari nilipige mistari, Kiswahili kushoto, Kijerumani katikati, Kimaa kulia. Kwa upande wa kulia alinituma sokoni nikakae na akina mama wauza maziwa. Walinicheka miezi mingi. Katika shule zote nilizosoma, hiyo ndiyo niliyoipenda, na ninyi mnaojifunza Kiingereza vitabuni peke yake mnakosa kitu.

Siku za mwanzo nilikuwa na ugonjwa wa kupunguza. Mama mmoja wa makamo alikuja kudai ndama wake, akapandwa na hasira, akamwambia Bwana Shauri maneno mazito. Mimi nikatafsiri, "Mama anasema hakuridhika." Mzee Feruzi akaweka kalamu chini.

"Mama amesema Bwana ana akili za ndama mwenyewe huyo wanayemgombania. Sema hivyo."

Nikasema hivyo. Bwana Shauri akakohoa, akaamuru iandikwe. Mama alishinda shauri lake, ingawa si kwa sababu hiyo. Tangu siku ile nilikoma kupunguza. Kuhusu kuongeza, hakuna aliyenikataza, kwa kuwa hakuna aliyedhani ningethubutu.

Sasa nije kwenye gazeti. Wakati huo gazeti la Kiswahili lilichapwa pwani na kutufikia likiwa limechakaa, habari zake zimekwisha kupoa. Hata hivyo tuliligombania. Makarani na walimu wa kila wilaya walipeleka barua za habari za kwao, na ukichapwa jina lako unatembea mjini kama bwana harusi. Mimi nilipeleka habari za mvua ya mawe, nikachapwa. Nikapeleka habari za chui aliyeingia zizini. Chui alikuwa mmoja, mimi nikamfanya wawili, na hakuna chui aliyekuja kulalamika. Nikaonja utamu wake. Nikaamini kwamba habari bila viungo haiendi.

Katika hali hiyo ndipo aliponijia Loishiye.

Loishiye alikuwa Mwarusha wa makamo, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuwa na migomba na maharage Sekei, na ng'ombe wake wengi aliwaweka Oldonyo Sambu kwa kaka yake. Tulifahamiana kwa kuwa mke wake alikuwa mmoja wa wale walimu wangu wa maziwa. Alinikuta nje ya Boma nimekaa na daftari langu.

"Yero," aliniita, ndivyo wazee wa kwao wanavyomwita kijana, "nasikia ile karatasi ya pwani inafika mpaka kwa Bwana Shauri."

"Inafika, mzee. Anaisoma yote."

"Basi niandikie. Kwa Jumbe nimekwenda mara tatu. Lalamiko la kwenda Bomani lazima lipitie kwake, na ninayemlalamikia ni yeye."

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyokuwa, na msicheke, maana wa kwenu nao mtakuja kuusimulia. Loishiye akaegemea fimbo yake akasema maneno yake polepole. Nayakumbuka yote. "Mimi ni Loishiye wa Sekei. Mfereji wetu ulikuwa unafika kwangu. Mawe yaliporomoka yakavunja kichwa cha mfereji kule mtoni. Jumbe akajenga kichwa kingine juu zaidi. Tangu hapo maji hayafiki. Migomba inakufa. Naomba tawi letu lifunguliwe."

"Imekwisha?" nikauliza.

"Imekwisha."

Alikwenda zake akiniamini. Mimi nikabaki nikiitazama karatasi, nikaona barua hii imekonda mno. Nani atachapa barua iliyokonda hivi? Nikaweka salamu ndefu mwanzoni. Katikati nikaandika kwamba Jumbe huyu ni mwizi wa maji, ni fisi aliyevishwa kofia ya serikali, anayenenepa kwa kiu ya maskini. Mwishoni nikatia sahihi ya Loishiye wa Sekei. Sikumsomea. Nilijiambia atafurahi akisikia ilivyopendeza.

Walichapa yote.

Gazeti lilipofika, Jumbe alikuja Bomani nalo mkononi siku ileile, jasho likimtoka. Askari wakaenda Sekei wakamleta Loishiye. Siku ya shauri Mzee Feruzi alikaa na kitabu, mimi nikasimama katikati kutafsiri.

"Bwana," Jumbe alisema, "mimi nimeitwa fisi mbele ya watu wote wa pwani. Mke wangu ana ndugu Tanga. Watanipokeaje?"

Bwana Shauri akamgeukia Loishiye. Loishiye akajibu kwa Kimaa, nami nikatafsiri neno kwa neno. "Anasema hakusema fisi. Anasema hakusema mwizi. Alisema maji hayafiki."

"Basi nani ameandika?"

Nilimgeukia Loishiye nikamuuliza kwa Kimaa, kwa mdomo wangu mwenyewe, ni nani aliyeandika. Alikuwa akimtazama Bwana Shauri, hakunitupia jicho hata kidogo. Akasema, "Mtu niliyemtuma simtaji."

Mnapaswa kuelewa hapo. Kwa watu wa rika lake, aliyetuma ndiye anayebeba kosa la aliyetumwa, na kumsukumia mjumbe ni aibu isiyofutika. Hakuwa ananihurumia. Alikuwa anatunza heshima yake, na mimi nilijificha ndani ya heshima hiyo kama panya ghalani. Nikatafsiri, "Anasema mtu aliyemtuma hamtaji." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Ni jambo ninalolionea aibu kuliko mengine yote.

Bwana Shauri akasema kumtukana mtu wa serikali ni viboko ishirini na tano na kifungo cha mnyororo. Ila atampa nafasi mpaka kesho amtaje mwandishi. Nikajikaza nikauliza kama shauri la maji litasikilizwa. Akanijibu kwamba mezani hapa kuna shauri la matusi, na shauri la maji halionekani. Loishiye akafungiwa Bomani. Migomba yake ikaendelea kukauka, na sasa mke wake alikuwa peke yake kuibebea maji.

Mchana ule Mzee Feruzi alikuwa anafuta kalamu, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Loishiye huyu ana ufasaha," akasema. "'Anayenenepa kwa kiu ya maskini.' Nimejaribu kulisema kwa Kimaa tangu asubuhi. Halisemeki."

Nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Kesho jino langu litaniuma," akaendelea. "Utatafsiri wewe na kuandika kitabuni wewe. Kalamu nimekuchongea nzuri."

Akaondoka. Angenigombeza ningejitetea, maana kujitetea nilikuwa fundi. Hakunipa nafasi hiyo.

Asubuhi nilikaa mezani peke yangu. Loishiye akaletwa, shuka lake limeshika vumbi la sakafu ya mahabusu. Bwana Shauri akauliza tena nani aliandika, nami nikaliandika swali lile kitabuni kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Chini yake palikuwa na nafasi ya jibu. Nikafikiri: nikilitafsiri swali hili, atajibu kama jana, nami nitaandika jibu lake kwa mkono uleule ulioandika fisi. Niliogopa kiboko, ndiyo, lakini zaidi niliogopa kunyang'anywa kalamu, maana sikuwa na kitu kingine duniani nilichokijua. Nikasimama.

"Bwana, swali hili sina haja ya kulitafsiri. Ni mimi."

Loishiye ndipo aliponitazama. Akauliza kwa Kimaa nimesema nini. Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, akakaa chini bila kuruhusiwa, na askari hakumwinua.

Viboko nilipigwa, na hilo halina maelezo mengi. Waliopata kupigwa wanajua, wasiopata wasitamani. Lakini Bwana Shauri aliona havitoshi. Matusi yalitoka hadharani, akasema, basi yafutwe hadharani. Akaniamuru siku ya soko nisimame kwenye ngazi za Boma na gazeti mkononi, niisome barua mstari kwa mstari, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, na baada ya kila mstari niseme ni wa nani, wake au wangu. Jumbe aliwekewa kiti mbele apokee radhi yake. Loishiye, aliyekwisha kufunguliwa, alisimama pembeni na fimbo.

Watu walijaa. Nikaanza na zile salamu ndefu. "Huu ni wangu." Nikasoma jina lake na kwao. "Huu ni wake." Mfereji ulikuwa unafika. "Wake." Nilipofika kwa mwizi nilitamani ngazi zifunguke zinimeze. "Wangu." Mama mmoja wa maziwa, mwalimu wangu kabisa, akapaza sauti.

"Na huyo fisi, mwanangu, ni wa nani?"

"Ni wangu, mama."

Soko zima likacheka. Mzee Feruzi, jino lake limepona, akasema kutoka barazani kwamba watu wa nyuma hawakusikia, nirudie. Nikarudia. Mara ya pili watu walikuwa wamekwisha kujua, nikisoma mstari wananijibu wenyewe kabla sijafungua mdomo: "Wake! Wangu!" Mpaka Jumbe naye akaanza kucheka, akipangusa macho, kwa sababu ni vigumu kuendelea kuwa fisi watu wanapocheka hivyo pamoja nawe. Akasema radhi ameipokea.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Bwana Shauri alikuwa dirishani akisikiliza. Akaita nisome mara ya tatu, ila mistari ya Loishiye peke yake. Nikaisoma. Ilikuwa mifupi. Mfereji ulikuwa unafika. Mawe yalivunja kichwa. Kichwa kingine kikajengwa juu. Maji hayafiki. Migomba inakufa. Watu wakanyamaza, maana sasa waliisikia.

"Jumbe," Bwana Shauri akasema, "hayo ya kwake, ni kweli?"

Jumbe akageukageuka kwenye kiti. Mtu aliyeitwa mwizi kwa uongo hukataa kila kitu, hata la kweli. Lakini sasa neno mwizi lilikuwa limekwisha kufika kwa mwenyewe, ambaye ni mimi.

"Hayo ni kweli, Bwana. Nilijenga juu kwa sababu kule chini mawe yangeporomoka tena. Tawi la Sekei nilisema nitalifungua baadaye. Nikasahau. Lakini angekuja kuniambia vizuri..."

"Nimekuja mara tatu," Loishiye akasema, kwa Kiswahili, ili pasihitajike mkalimani.

"Amekuja mara tatu," Jumbe akakubali.

"Fungua," Bwana Shauri akasema, akafunga dirisha.

Basi hilo ndilo nililotaka kuwaambia, ninyi mtakaoshika kesi za magazeti. Maneno yangu yalikuwa na utamu wote, yakamtia mtu ndani na kuziba shauri lake. Maneno yake yalikuwa makavu na ya kweli, na yaliposomwa peke yake hayakuhitaji hata wakili. Kila mara mtakapoona maandiko yamempeleka mtu mahakamani, yatenganisheni vivyo hivyo, mstari kwa mstari, mjue upi wa nani na upi ni kweli. Na mkimwandikia mtu asiyejua kusoma, msomeeni kabla hajaweka kidole gumba. Mnalalamika kwamba desturi hiyo inachelewesha kazi. Mimi ndiye niliyeianzisha pale mahakamani kwenu, na sijutii hata dakika moja niliyowapotezea.

Tawi tulilichimba siku chache baadaye, watu wa Jumbe, watu wa rika la Loishiye, na mimi, kwa amri ya Mzee Feruzi. Kabla ya kushika jembe nilimwendea Loishiye na nyasi mkononi, maana kwao nyasi ndiyo ya kuombea amani. Aliitazama, akaichukua, akampa ndama aliyekuwa karibu. Nilikwenda kumuuliza Mzee Feruzi ina maana gani.

"Ina maana ndama alikuwa na njaa," akasema. "Chimba."

Nikachimba. Loishiye akaja akasimama juu yangu muda mrefu.

"Yero, unachimba kama unavyoandika. Udongo mwingi unaruka, shimo silioni."

Hapo nikajua amenisamehe, na nilifurahi nusura nilie ndani ya mtaro. Akanionyesha namna ya kushika jembe. Alasiri kichwa kikafunguliwa kule juu, tukangoja. Maji yalikuja na majani makavu na povu la udongo, yakapita Sekei, yakaingia kwenye migomba ya Loishiye. Mingine ilikuwa imekwisha kufa na haikuamka. Iliyobaki ilikunywa. Mke wake alisimama miguu ndani ya maji.

Loishiye akaosha mikono, akanigeukia.

"Sasa andika kwenye ile karatasi yako."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika maji yamefika."

Nikaandika hapohapo, juu ya goti. Loishiye wa Sekei anasema maji yamefika. Nikamsomea. Akasema nisome tena, nikasoma tena, akaweka kidole gumba. Nikaipeleka posta mwenyewe, sikuongeza hata salamu. Katika yote niliyoyaandika maishani mwangu, sijapata kuandika habari iliyo bora kuliko ile.

Hawakuichapa.